Kiti cha Jaji Mkuu Kikiwa Wazi

Shauri la shamba linaloanzia Murusagamba, wilayani Ngara, karibu kabisa na mpaka wa Burundi, lina safari ndefu kabla halijafika mwisho. Kwanza hufikishwa mbele ya baraza la kata, ambalo tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu, halina tena mamlaka ya kuamua nani mwenye shamba. Wagombanao wasipopatana huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Asiyeridhika hukata rufaa Mahakama Kuu, Bukoba, safari inayomaliza siku nzima barabarani. Na asiyeridhika huko hungoja majaji wa Mahakama ya Rufani waje Bukoba kwenye kikao chao, wakae watatu katika jopo moja, walifungue jalada ambalo kwa wakati huo limeshanenepa kwa mihuri, hati za viapo na mwenendo wa shauri kutoka kila ngazi lilikopita. Wakishasema hao watatu, hakuna pengine pa kwenda. Mpaka wa shamba la migomba uliobishaniwa kwa miaka utakuwa pale watakapousema wao.

Ndiyo maana habari ya nani amekalia kiti cha juu kabisa cha Mahakama, na kiti hicho kikibaki wazi kinabaki wazi kwa muda gani, inamhusu mtu wa Murusagamba sawasawa na inavyomhusu wakili wa Dar es Salaam. Ninachodai hapa ni jambo moja. Kiti hicho kinapokuwa wazi, mamlaka yake hayapotei hewani. Huhamia mikononi mwa yule mwenye uwezo wa kukijaza, na hukaa huko hadi atakapopenda kukijaza. Jaji kustaafu au kufa ni mambo ya kawaida ya maisha. Hatari iko kwenye katiba inayomwachia mteuzi achelewe apendavyo. Historia ya nchi zetu za Afrika Mashariki katika nusu karne iliyopita ina ushahidi wa kutosha, na sehemu ya ushahidi huo ilitokea jirani kabisa na Ngara.

Tuanze na pengo kubwa kuliko yote, ambalo leo ni wachache wanaolikumbuka. Hadi mwaka 1977 Tanzania haikuwa na mahakama yake ya rufani. Rufaa kutoka Mahakama Kuu zilikwenda kwenye Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, yenye makao Nairobi, ambayo majaji wake walizunguka kusikiliza mashauri ya nchi zote tatu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika katikati ya mwaka 1977, watu walizungumzia ndege, reli, na mipaka iliyofungwa. Mahakama hiyo ilikufa pamoja na hivyo vyote, kwa kelele ndogo zaidi. Kenya iliunda mahakama yake ya rufani mwaka huohuo. Tanzania ilichukua zaidi ya miaka miwili: Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilianza rasmi tarehe 15 Agosti 1979, Jaji Mkuu akiwa Francis Nyalali, aliyeteuliwa mwaka 1977 akiwa na umri wa miaka 42. Katikati ya miaka hiyo miwili nchi iliingia vitani. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivuka mpaka na kuikalia ardhi ya kaskazini ya Mto Kagera, katika mkoa ambao wakati huo bado uliitwa Ziwa Magharibi. Taifa lilikuwa linatetea mipaka yake kwa damu huku ngazi ya mwisho ya haki ikiwa haipo.

Mtu anaweza kusema: nchi haikuanguka, Mahakama Kuu iliendelea kufanya kazi, na hatimaye mahakama mpya ikapatikana. Ni kweli. Lakini fikiria maana ya miaka miwili hiyo kwa mfungwa aliyehukumiwa vibaya, au kwa mkulima aliyenyang'anywa shamba kwa tafsiri ya sheria iliyokosewa. Mahakama ya mwisho ndiyo inayosema sheria ni moja, Bukoba na Mtwara. Isipokuwepo, kila jaji wa Mahakama Kuu anakuwa mwisho wa sheria katika chumba chake, na majaji wawili wanaotofautiana hawana mkubwa wa kuwapatanisha. Jambo la pili halikuonekana mapema. Mahakama ilipoundwa, mtu aliyekuwa mkuu wake alikaa kwenye kiti hicho hadi mwaka 2000. Miaka 23 ya sheria ya Tanzania, tangu chama kimoja hadi vyama vingi, ilipita chini ya Jaji Mkuu mmoja, na ni huyohuyo Nyalali aliyeongoza tume iliyoundwa mwaka 1991, ambayo ilipendekeza kwamba nchi irudi kwenye mfumo wa vyama vingi. Uteuzi mmoja wa mwaka 1977 ulikuwa na uzito mkubwa kuliko chaguzi kadhaa za Bunge.

Kampala ilikuwa imeonja namna nyingine ya kiti kubaki wazi. Tarehe 21 Septemba 1972, Benedicto Kiwanuka, Jaji Mkuu wa Uganda, alikamatwa na watu wa Amin ndani ya jengo la Mahakama Kuu na hakuonekana tena. Siku chache kabla alikuwa ameamuru Mwingereza mmoja aliyezuiliwa na jeshi aachiliwe. Hapo mtawala hakungoja kiti kibaki wazi chenyewe, alikifanya kiwe wazi. Sikulitaja tukio hili ili kulilinganisha na ucheleweshaji wa karatasi za uteuzi. Mauaji ni mauaji. Nimelitaja kwa sababu linaonyesha bila kificho kile ambacho nyakati za amani hufichwa na taratibu: anayeweza kumwondoa mtu kitini, na anayeweza kukiacha kiti kitupu, ana mkono ndani ya kila hukumu itakayotoka hapo.

Miaka 40 baadaye Uganda ileile ilipata somo la namna ya utulivu. Jaji Mkuu Benjamin Odoki alifikisha umri wa miaka 70 mwaka 2013, umri ambao katiba inamtaka Jaji Mkuu astaafu. Rais Museveni alitaka aendelee. Suala likafika Mahakama ya Katiba, ambayo mwaka 2014 kwa wingi wa majaji ilisema hapana. Katika muda huo wote Mahakama iliongozwa na Jaji Steven Kavuma, ambaye hata wadhifa wake wa Naibu Jaji Mkuu aliushika kwa kukaimu. Kaimu wa nafasi moja akawa kaimu wa nafasi iliyo juu yake. Bart Katureebe aliteuliwa Machi 2015, karibu miaka miwili baada ya kiti kuwa wazi. Hapakuwa na mapinduzi wala askari mlangoni, palikuwa na barua tu ambayo haikuandikwa. Na kwa kuwa barua haikuandikwa, nchi yenye Mahakama ya Juu inayoamua kesi za uchaguzi wa rais ilikaa karibu miaka miwili bila mkuu wa Mahakama aliyethibitishwa.

Sasa turudi karibu na Ngara, upande wa pili wa mpaka. Mwishoni mwa Aprili 2015 chama tawala cha Burundi kilimteua Rais Pierre Nkurunziza kugombea kipindi cha tatu, na swali la kama katiba inaruhusu likapelekwa Mahakama ya Katiba, yenye majaji saba. Kabla uamuzi haujatangazwa mapema Mei, makamu wa rais wa mahakama hiyo, Sylvère Nimpagaritse, alikimbilia Rwanda na kusema hadharani kwamba majaji walikuwa wanashinikizwa. Kiti chake kilibaki kitupu, na wenzake waliobaki wakauidhinisha ugombea huo. Kilichofuata kinajulikana: kuendelea kwa maandamano, jaribio la mapinduzi la tarehe 13 Mei wakati rais huyo yuko Dar es Salaam kwenye mkutano wa wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyokuwa imefufuliwa, kisha watu kukimbia kwa mamia ya maelfu. Zaidi ya 200,000 kati yao waliingia Tanzania, kwa njia za Kigoma na Ngara. Watu wa vijiji vya mpakani walishuhudia akina mama wakiwa na magodoro vichwani na watoto mgongoni, kama walivyokuwa wameshuhudia miaka ya 1990. Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, Arusha, kupitia kitengo chake cha rufani, ilikuja kusema Novemba 2021 kwamba uamuzi ule wa Bujumbura ulikiuka Mkataba wa Jumuiya. Miaka sita ilikuwa imepita, na Nkurunziza mwenyewe alikuwa amekwishafariki dunia mwaka uliotangulia.

Kwa hiyo wanaodhani kwamba nani yuko na nani hayuko kwenye meza ya majaji ni habari ya wasomi, Ngara ni mahali pazuri pa kuwajibu. Sitasema jaji mmoja kubaki angezuia machafuko ya Burundi. Chanzo cha machafuko kilikuwa kipana kuliko mahakama. Ninasema kwamba mahakama ilikuwa mlango wa mwisho ambao mgogoro ule ungeweza kupitia bila risasi, na mlango huo ulifungwa siku ambayo jaji alilazimika kuchagua kati ya kalamu yake na uhai wake.

Tanzania haijapata kufika huko, na ni haki kulisema hilo waziwazi. Lakini mwaka 2017 tulipata jaribio letu. Jaji Mkuu Mohamed Chande Othman alistaafu Januari mwaka huo. Rais John Magufuli hakumteua Jaji Mkuu. Alimteua Profesa Ibrahim Hamis Juma, Jaji wa Rufani tangu mwaka 2012, kuwa Kaimu Jaji Mkuu. Katiba inaruhusu. Ibara ya 118 inasema kiti kikiwa wazi, au Jaji Mkuu akiwa hayupo au hawezi kufanya kazi, Rais aweza kumteua kaimu kutoka miongoni mwa Majaji wa Rufani. Ibara hiyohiyo haitaji siku, wiki wala mwezi ambao ukaimu huo lazima ukome. Februari ikapita na Siku ya Sheria yake, ikaja Machi, Tundu Lissu akachaguliwa kuongoza Chama cha Wanasheria Tanganyika na kuuhoji ukaimu huo hadharani, ikapita Juni na bajeti. Profesa Juma alithibitishwa kuwa Jaji Mkuu tarehe 10 Septemba 2017. Ilikuwa imetimia karibu miezi minane.

Pingamizi la kwanza hapa ni zito, na linastahili jibu la heshima. Kaimu Jaji Mkuu ana mamlaka yote ya Jaji Mkuu. Mashauri yaliendelea kusikilizwa, majopo yaliendelea kupangwa, na hakuna hukumu inayoweza kuonyeshwa kwamba ilitolewa kwa woga wa kutothibitishwa. Ninakubali lote hilo, na sidai kwamba Profesa Juma aliwahi kuinamisha mizani. Swali ni jingine: je, mfumo uliomweka katika hali hiyo ulikuwa na haki ya kumweka? Tazama kazi ambazo Katiba inampa Jaji Mkuu nje ya chumba cha mahakama. Baraza la Mawaziri likiona Rais hawezi kumudu kazi kwa maradhi, azimio hupelekwa kwa Jaji Mkuu, naye ndiye anayeteua bodi ya madaktari. Bunge likitaka kumshtaki Rais, kamati maalumu ya uchunguzi chini ya Ibara ya 46A inaongozwa na Jaji Mkuu. Tume ya Utumishi wa Mahakama, mwenyekiti wake ni Jaji Mkuu. Majaji wa Rufani huteuliwa na Rais baada ya kushauriana na Jaji Mkuu. Huyu ndiye mtu ambaye Katiba imemweka amtazame Rais usoni siku ya shida kubwa kuliko zote. Kumweka huyo huyo kwenye kungojea, mwezi baada ya mwezi, neno la Rais kuhusu kazi yake mwenyewe, ni kuudhoofisha ukuta mahali palepale unapotakiwa kuwa imara. Na udhaifu huo upo hata kama mtu aliyeegemezwa hapo ni mwadilifu. Mtuhumiwa anayeshindwa kesi mbele ya jopo lililopangwa na kaimu ana haki ya kujiuliza swali, na mahakama haina namna ya kumjibu.

Siku yenyewe ilikuja, bila mtu kuitegemea. Rais Magufuli alifariki dunia tarehe 17 Machi 2021. Siku mbili baadaye, Ikulu ya Dar es Salaam, Samia Suluhu Hassan aliinua mkono na kuapa mbele ya Jaji Mkuu Juma. Nchi haikuwa na Rais mwingine wa kumteua mtu wa kuapisha. Ilihitaji kiti cha Jaji Mkuu kiwe kimekaliwa, na kilikuwa kimekaliwa na mtu ambaye hakuna aliyeuliza uhalali wake. Mtu asome upya kalenda na ajiulize ingekuwaje kama msiba ule ungeangukia miezi minane ya mwaka 2017.

Pingamizi la pili linasema: kwetu mahakama haina siasa kubwa, kwa sababu Ibara ya 41 inazuia mahakama yoyote kuchunguza uchaguzi wa Rais baada ya Tume ya Uchaguzi kumtangaza mshindi. Hii si Kenya. Ni kweli si Kenya, lakini hebu tukumbuke kesi ya mgombea binafsi aliyoipigania Christopher Mtikila. Mahakama Kuu ilimpa haki mara mbili, mwaka 1994 na 2006. Mwaka 2010, miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Augustino Ramadhani, kwa jopo la majaji saba, ilisema suala hilo ni la Bunge kuamua. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, iliyoko Arusha, ikasema kinyume mwaka 2013. Hadi leo Mtanzania hagombei bila chama. Nani anaweza kugombea ni siasa kuliko siasa yenyewe, na iliamuliwa na watu saba kwenye viti saba.

Na Kenya, ambako utaratibu wa kupata majaji umewekwa wazi zaidi, nako kuna fundisho. Tarehe 25 Oktoba 2017, siku moja kabla ya uchaguzi wa marudio wa Rais, Mahakama ya Juu ilipaswa kusikiliza ombi la kuusimamisha. Katiba yao inataka majaji watano kati ya saba. Walifika wawili, Jaji Mkuu David Maraga na Jaji Isaac Lenaola. Naibu Jaji Mkuu Philomena Mwilu hakufika. Usiku uliotangulia mlinzi wake alipigwa risasi. Mwingine alikuwa nje ya nchi kwa matibabu. Maraga alisoma taarifa fupi kwamba akidi haikutimia, na kesho yake watu wakapiga kura. Mahakama ileile iliyokuwa imefuta uchaguzi wa Agosti kwa majaji wanne dhidi ya wawili haikuweza hata kusema ndiyo au hapana. Viti havikuwa wazi kisheria, lakini matokeo yalikuwa yaleyale: kimya chao kikawa uamuzi.

Kuna anayesema basi dawa ni kumwondoa Rais katika uteuzi kabisa. Mfano wa Kenya unanizuia kuamini hivyo. Tume yao ya mahakama ilipendekeza majaji 41 mwaka 2019, na Rais Uhuru Kenyatta akakaa bila kuwateua hadi Juni 2021, alipoteua 34 na kuwaacha sita. Mmoja alikuwa amekwishafariki akingoja. Hao sita waliteuliwa na Rais William Ruto Septemba 2022. Utaratibu mzuri bila tarehe ya mwisho inayouma unachezewa vilevile. Marekani nako, Jaji Antonin Scalia wa Mahakama ya Juu alipofariki Februari 2016, Baraza la Seneti lilikataa hata kumsikiliza Merrick Garland aliyependekezwa na Rais Obama, na kiti kikakaa zaidi ya mwaka, majaji wanane wakigawana wanne kwa wanne katika mashauri mazito. Mwaka 2020, kilipobaki wazi kiti cha Jaji Ruth Bader Ginsburg, Seneti ileile ilikijaza ndani ya wiki chache, kabla ya uchaguzi. Jaji aliyeingia hapo alikuwa miongoni mwa waliofuta haki ya utoaji mimba mwaka 2022. Wamarekani angalau waligombana mchana kweupe. Kwetu pengo hupita kimya, na kimya ndicho kinachonitia wasiwasi zaidi.

Limebaki pingamizi la tatu: Rais anahitaji muda wa kumchunguza mtu kabla ya kumkabidhi kiti cha maisha yake yote ya kazi. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama kustaafu kwa Jaji Mkuu kungekuwa ajali. Si ajali. Majaji wa Rufani hustaafu wakiwa na miaka 65, na tarehe ya kuzaliwa ya kila mmoja wao inajulikana tangu siku ya kwanza anapoapa. Mteuzi ana miaka, si miezi, ya kujiandaa. Njia nyingine ya kuziba pengo, kumwongezea muda anayestaafu, nayo ilijaribiwa: Profesa Juma alipotimiza miaka 65 Juni 2023 aliongezewa muda, wanasheria wakabishana kama kifungu kinachoruhusu hivyo kwa Jaji wa Rufani kinamhusu pia Jaji Mkuu. Aliye madarakani kwa kuongezewa na aliye madarakani kwa kukaimu wote wawili wanalitazama dirisha moja. Rasimu ya Katiba ya Tume ya Jaji Joseph Warioba ilikuwa imependekeza Mahakama ya Juu itakayosikiliza hata malalamiko ya uchaguzi wa Rais. Mchakato wa Katiba mpya ulikwama kabla ya kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015. Siku utakapofufuliwa, kifungu cha kwanza ninachotaka wananchi wakidai ni kifupi: kiti cha Jaji Mkuu kikiwa wazi kijazwe ndani ya siku zilizohesabiwa, na zikipita bila uteuzi, Jaji wa Rufani mwenye cheo cha juu kuliko wenzake akishike kwa haki yake mwenyewe, bila kungoja barua ya mtu.

Juni 2025 Profesa Juma alistaafu na George Masaju akaapishwa kuwa Jaji Mkuu bila kupita miezi ya kaimu. Mwaka 2017 pengo lilidumu karibu miezi minane, na mwaka 2025 halikuwepo. Ibara ya 118 ilikuwa ileile mara zote mbili.